Besiboli kwa anayeanza: kutoka kupima uwanja hadi auti ya 27

Wanaoanza besiboli huuliza maswali yale yale. Kwa nini yule amekimbia na mwenzake akabaki palepale? Mbona hajaguswa na mtu na bado ameambiwa atoke? Amepiga mpira mbali kiasi kile, anarudishwa kwa kosa gani? Ukijibiwa moja moja utachanganyikiwa zaidi, kwa hiyo hapa tunakwenda kwa hatua, tangu uwanja ukiwa tupu mpaka mchezo umalizike.

Kama umezoea soka, kuna jambo la kugeuza kichwani kabla ya yote: katika besiboli timu yenye mpira ndiyo inayolinda. Mpira haufungi pointi, mtu ndiye anayefunga, kwa kuzunguka vituo vinne vinavyoitwa besi na kurudi alikoanzia. Kazi ya mpigaji ni kuupeleka mpira mbali na walinzi ili yeye na wenzake wapate muda wa kukimbia. Kazi ya walinzi ni kuurudisha kabla muda huo haujatosha.

VINAVYOHITAJIKA

Watu. Kila timu ina wachezaji 9. Mkiwa 12 mnaweza kucheza sita kwa sita: mrushaji, mdakaji, mlinzi wa besi ya kwanza, mmoja wa kuziba kati ya besi ya pili na ya tatu, na wawili nyuma.

Mpira. Mpira rasmi una uzito wa gramu 142 hadi 149 na mzingo wa sentimita 23 hivi. Ni mgumu, na ukikupata usoni utajuta. Kwa wiki za mwanzo tumia mpira wa tenisi au mpira laini wa mazoezi. Unaponunua, angalia usipewe mpira wa softiboli, ambao mzingo wake ni kama sentimita 30. Huo ni mchezo mwingine.

Gongo. Kanuni zinaruhusu urefu usiozidi sentimita 106.7 na unene usiozidi sentimita 6.6, lakini mtu mzima anayeanza anatoshwa na gongo la sentimita 81 hadi 84. Lipime hivi: lishike kwa mkono mmoja mwishoni mwa mpini, unyooshe mkono mbele usawa wa bega, uhesabu hadi ishirini. Likianza kuinama kabla hujafika, ni zito kwako.

Glavu. Huvaliwa mkono ambao hurushi nao. Anayerusha kwa kulia huvaa kushoto. Karibu kila mgeni hukosea hapa, maana akili humtuma kuvalisha mkono wenye nguvu. Kisha anadaka vizuri na kubaki ameduwaa, hana mkono wa kurushia.

Kinga. Kofia ngumu kwa mpigaji na kwa kila aliyeko kwenye besi. Mdakaji anahitaji barakoa ya chuma, kinga ya kifua, kinga za miguu na kinga ya sehemu za siri. Kama vifaa hivyo hamna, mdakaji asichuchumae nyuma ya mpigaji. Asimame mita nne nyuma, auache mpira udunde kwanza. Hili halina mjadala.

Besi nne. Tatu ni mifuko au mikeka ya mpira yenye umbo la mraba, sentimita 38 kila upande (ligi kuu ya Marekani imeongeza hadi 46 tangu 2023). Ya nne, besi ya nyumbani, ni bapa la mpira lenye pembe tano na upana wa sentimita 43.2, lililolala sawa na ardhi. Usiweke jiwe wala ubao ulioinuka badala ya besi. Watu watakanyaga hapo wakiwa kwenye mbio.

Ongeza tepu ndefu ya kupimia, kamba, vigingi na chokaa.

HATUA YA 1: PIMA UWANJA

Eneo la ndani ni mraba uliosimama kwenye pembe moja, ndiyo maana Wamarekani huuita almasi. Kosa la kawaida ni kupima upande mmoja na kukadiria nyingine kwa macho. Mraba unapinda, na besi ya tatu inakuwa karibu kuliko ya kwanza. Tumia ulalo.

1. Chagua pembe ya nyumbani, upige kigingi. Kanuni zinapendekeza mstari wa kutoka nyumbani kwenda besi ya pili uelekee mashariki-kaskazini-mashariki, ili jua la alasiri lisimpige mpigaji machoni.

2. Kutoka kigingi hicho pima mita 38.8 moja kwa moja mbele, weka kigingi cha besi ya pili.

3. Funga kamba mbili za mita 27.43, moja kwenye kila kigingi. Zinyooshe kulia mpaka ncha zikutane. Hapo ni besi ya kwanza. Fanya hivyo kushoto upate ya tatu.

4. Panga mifuko. Besi ya kwanza na ya tatu hukaa nzima ndani ya mraba, na ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani hukaa kwenye pembe yenyewe ya mraba. Besi ya pili ndiyo pekee ambayo katikati yake huwekwa juu ya kigingi.

5. Kibao cha mrushaji, sentimita 61 kwa 15, kinakaa kwenye ulalo. Pima mita 18.44 kutoka ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani hadi ukingo wa mbele wa kibao. Viwanja rasmi vina kichuguu cha sentimita 25.4 hapo. Nyinyi anzeni kwenye tambarare.

6. Mwaga chokaa kutoka nyumbani kupitia besi ya kwanza hadi mwisho wa uwanja, na vivyo hivyo kupitia ya tatu. Hiyo ndiyo mistari ya faulo.

7. Kila upande wa besi ya nyumbani chora kisanduku cha mpigaji, mita 1.2 kwa 1.8, kikiwa sentimita 15 kutoka besi.

Kwa watoto au eneo dogo tumia vipimo vya Little League, ligi ya besiboli ya watoto: mita 18.29 kati ya besi, ulalo mita 25.86, mrushaji mita 14.02. Hata watu wazima wanaojifunza hufurahia zaidi uwanja huu. Ule mkubwa unataka mikono iliyozoea kurusha, na bila mikono hiyo mchezo unageuka kuwa kazi ya kuokota mpira.

HATUA YA 2: PANGA WALINZI

Kila nafasi ina namba yake, na namba hizi si za jezi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 besi ya pili, 5 besi ya tatu, 6 shotistopu, 7 nyuma kushoto, 8 nyuma katikati, 9 nyuma kulia. Kushoto na kulia ni kwa anayetazama kutoka nyumbani. Shotistopu hukaa kati ya besi ya pili na ya tatu. Mpe mchezaji mwepesi mwenye mkono mzuri, kwa kuwa mpigaji wa mkono wa kulia mara nyingi huupeleka mpira upande ule.

Usiwabandike walinzi juu ya besi zao. Mlinzi wa besi ya kwanza husimama hatua tatu nne kutoka kwenye mfuko na nyuma yake kidogo, kisha hukimbilia besi mpira ukishapigwa. Mlinzi wa besi ya pili naye hukaa upande wa besi ya kwanza, shotistopu upande wa pili, na mfuko unabaki mtupu katikati yao. Kila mtu akisimama juu ya besi, mipira yote hupita katikati.

HATUA YA 3: KURUSHA NA KUDAKA

Fanyeni hivi dakika kumi na tano kila siku kabla ya kugusa gongo, wawili wawili, mkianza umbali wa mita nane.

Mpira una mishono 108 ya uzi mwekundu. Tafuta mahali mshono unapochora umbo la kwato ya farasi, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati zikivuka mshono huo, gumba chini. Mpira usizame kwenye kiganja; acha nafasi ya kupenya kidole kimoja. Ukiubana kiganjani unatoka mzito na kwenda unakotaka wenyewe.

Simama ubavu kwa unayemrushia, bega la glavu likimwelekea. Piga hatua kwa mguu ulio upande wa glavu, kiwiko cha mkono unaorusha kikifika usawa wa bega, achia mpira mbele ya uso, na mkono uendelee mpaka upande wa pili wa mwili. Kiwiko kikishuka chini ya bega, mpira hupaa na bega huumia. Wa kulia akipiga hatua kwa mguu wa kulia, anarusha kwa mkono mtupu. Nguvu zote za nyonga zimebaki nyuma.

Kudaka: mpira ukija juu ya kiuno, vidole vya glavu vinaelekea juu, ukija chini, vinaelekea ardhini. Mkono wa pili uwe kando ya glavu, tayari kuufunika mpira. Kwa mpira unaoviringika, panua miguu kupita mabega, shusha makalio, na gusisha glavu ardhini mapema. Ni rahisi kuinua glavu mpira ukidunda kuliko kuishusha mpira ukishapita. Wengi huinama kiuno magoti yakiwa yamenyooka, na mpira hupita katikati ya miguu kama uko safarini.

HATUA YA 4: STRAIKI NA BOLI

Mrushaji hurusha mguu ukiwa umegusa kibao. Kila mrusho ambao haukupigwa ni straiki au boli.

Ni straiki iwapo mpigaji amezungusha gongo akakosa. Au hakuzungusha lakini mpira ulipita ndani ya eneo la straiki. Au amepiga faulo akiwa na straiki chini ya mbili. Vinginevyo ni boli.

Eneo la straiki huwezi kuliona kwa macho, lakini lina mipaka. Upana wake ni ule wa besi ya nyumbani. Chini linaanzia shimo lililo chini ya kifuniko cha goti, juu linaishia katikati ya mabega na kiuno cha suruali, mpigaji akiwa amejikunja tayari kupiga. Mpira ukigusa ukingo tu wa eneo hilo ni straiki.

Straiki tatu, mpigaji ametoka. Boli nne, anakwenda besi ya kwanza bila kukimbizwa. Hesabu hutajwa boli kwanza: "tatu-mbili" ni boli tatu na straiki mbili, na mrusho unaofuata huwa mzito kwa pande zote. Mrusho ukimpiga mpigaji ambaye hakuzungusha gongo na alijaribu kukwepa, anapewa besi ya kwanza, hata kama mpira ulidunda kabla ya kumfikia.

Neno faulo hapa halina uhusiano na rafu. Ni mpira uliopigwa ukaangukia nje ya mistari. Mstari wenyewe ni ndani, na mifuko ya besi ya kwanza na ya tatu pia ni ndani. Jinsi ya kuamua:

- Mpira wa chini ambao haujapita besi ya kwanza au ya tatu unahukumiwa pale unapotulia au kuguswa. Unaweza kudunda nje, ukarudi ndani, na ukawa halali.
- Ukishapita besi ukiwa ndani, ni halali hata ukitoka baadaye.
- Mpira wa juu unaovuka besi angani unahukumiwa pale unapogusa ardhi au mlinzi mara ya kwanza. Kinachoangaliwa ni mpira ulipo; miguu ya mlinzi haihusiki.

Faulo ukiwa na straiki mbili haikutoi. Unarudi kupiga, hata mara kumi. Isipokuwa banti, yaani kuuzuia mpira kwa gongo lililotulia bila kuzungusha: banti ikienda faulo na una straiki mbili, umetoka. Bila kanuni hiyo mtu angesimama akizuia mirusho mpaka mrushaji achoke.

HATUA YA 5: KUPIGA

Mrusho wa kilomita 150 kwa saa hufika nyumbani kwa kama sekunde 0.4. Hamtakutana na kasi hiyo leo, ila inaeleza kwa nini mapigo mazuri ni mafupi.

1. Kwa mpigaji wa kulia, mkono wa kushoto hushika chini karibu na kitako cha mpini, wa kulia juu yake, ikigusana. Vifundo vya vidole unavyobishia hodi vipangane kwenye mstari. Shika kwa vidole, kwa ulegevu. Gongo likikazwa sana mapema, mikono huwa mizito.

2. Simama ubavu, miguu ipite mabega kidogo, magoti yamelegea, gongo nyuma ya sikio bila kulilaza begani. Nyosha gongo mbele: ncha yake ifike ukingo wa mbali wa besi ya nyumbani. Kama haifiki, sogea.

3. Mrushaji akiachia mpira, piga hatua ndogo ya sentimita kumi hadi kumi na tano kumwelekea. Hatua kubwa hushusha kichwa, na macho yakishuka mpira unapotea.

4. Nyonga zigeuke kwanza, mikono ifuate. Macho yabaki kwenye mpira mpaka ukutane na gongo. Anayetazama kwanza unakoelekea huishia kupiga hewa.

5. Maliza mzunguko, angusha gongo pembeni, kimbia. Usilirushe. Gongo linaloruka nyuma humfikia mdakaji usoni.

Kama mirusho haifiki vizuri, wekeni mpira juu ya kigingi laini chenye urefu wa kiuno na mpigie hapo. Watoto wengi huanzia huko.

HATUA YA 6: KUKIMBIA

Mpira halali ukishapigwa, wewe si mpigaji tena, ni mkimbiaji. Nenda besi ya kwanza kwa kasi yote na uipite. Kanuni inakuruhusu kuipita mradi urudi moja kwa moja na usijaribu kwenda ya pili. Wanaopunguza mwendo ili wasimame juu ya mfuko hutolewa kwa nusu hatua. Besi ya pili na ya tatu hazina huruma hiyo: ukiachana na mfuko ukaguswa na mpira, umetoka. Hapo ndipo kuteleza chini kunaposaidia.

Gusa kila besi kwa mpangilio. Ukiruka moja, walinzi wanaweza kulalamika kwa kugusa besi hiyo wakiwa na mpira, na mwamuzi akakutoa hata kama ulishafika nyumbani na kushangiliwa.

Mpira ukidakwa angani, kila mkimbiaji lazima awe amegusa besi yake baada ya mpira kudakwa ndipo aondoke. Kwa hiyo mpira wa juu ukipigwa, usikimbie kichwa kichwa. Nenda theluthi ya njia, utazame. Ukidakwa, rudi. Ukianguka, endelea. Ukiwa besi ya tatu na mpira unakwenda mbali kabisa, baki mguu kwenye mfuko, subiri udakwe, kisha kimbia nyumbani. Mlinzi wa nyuma aliyeudaka ana safari ndefu ya kuurudisha.

Kuiba besi, yaani kukimbia mrushaji anapoanza kurusha, ni halali, ila kwa mechi za mwanzo pigeni marufuku. Wadakaji wapya hawana mkono wa kufika besi ya pili, na mchezo utakuwa wizi mtupu.

HATUA YA 7: KUWATOA WATU, NA SWALI MOJA LA KUJIULIZA

Mtu hutoka kwa straiki tatu. Hutoka mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, hata ukiwa upande wa faulo. Mkimbiaji hutoka akigongwa na mpira halali uliopigwa kabla mlinzi hajaugusa, au akikengeuka zaidi ya sentimita 90 kutoka njia yake ili akwepe kuguswa. Hizo hazina shida. Shida iko kwenye njia mbili zilizobaki, na hapo ndipo maswali mengi yanakotoka.

Wakati mwingine mlinzi mwenye mpira anakanyaga besi tu na mkimbiaji ametoka. Wakati mwingine lazima amguse mkimbiaji mwenyewe kwa mpira, au kwa glavu yenye mpira. Kinachoamua ni swali hili: je, mkimbiaji analazimika kwenda?

Besi moja haikai watu wawili. Mpira wa chini ukipigwa, mpigaji hana budi kwenda besi ya kwanza. Kama kuna mtu pale, anasukumwa kwenda ya pili. Kama ya pili ina mtu, naye anasukumwa kwenda ya tatu. Ni kama watu kusogezana kwenye benchi: msukumo unapita mpaka ukutane na nafasi tupu, hapo unakufa. Anayesukumwa analazimika, na hutolewa kwa kukanyaga besi anayoiendea kabla hajafika. Aliye mbele ya nafasi tupu halazimiki. Anaweza kubaki, na ili kumtoa lazima aguswe.

Jizoeshe hivi:

Mtu besi ya kwanza tu: analazimika.
Ya pili tu: halazimiki.
Ya kwanza na ya pili: wote wawili wanalazimika.
Ya kwanza na ya tatu: wa kwanza analazimika, wa tatu halazimiki, kwa kuwa ya pili ni tupu.
Zote zimejaa: wote wanalazimika, na mdakaji anaweza kumtoa wa tatu kwa kukanyaga besi ya nyumbani akiwa na mpira.

Sasa tazama tukio moja kwa karibu. Auti moja, yaani mtu mmoja wa timu inayopiga ameshatolewa, na mwingine yuko besi ya kwanza. Mpigaji anapiga mpira wa chini kuelekea shotistopu. Namba 6 anauokota, hamwangalii mpigaji kabisa. Anautupia mfupi, usawa wa kifua, kwa namba 4 ambaye tayari anaikaribia besi ya pili. Namba 4 anadaka mguu ukiwa kwenye mfuko: mkimbiaji wa mbele ametoka bila kuguswa. Papo hapo anajigeuza na kurusha kwa namba 3, aliyenyoosha mguu mmoja kwenye besi ya kwanza na glavu mbele kadiri anavyoweza. Mpira unatua kabla mguu wa mpigaji haujafika. Watu wawili kwa mpigo mmoja, na kwenye karatasi ya hesabu huandikwa 6-4-3.

Kwa nini waanze na besi ya pili? Kwa sababu msukumo unatoka nyuma. Namba 3 angeupata mpira mwenyewe na kukanyaga besi ya kwanza kwanza, mpigaji angetoka, na pale pale anayekwenda besi ya pili angeacha kulazimika, maana hakuna tena anayemsukuma. Hapo kukanyaga besi ya pili hakusaidii kitu, lazima aguswe. Walinzi wapya hukanyaga mfuko, hushangilia, na mkimbiaji husimama akiwatazama, yuko salama.

HATUA YA 8: AWAMU NA POINTI

Timu moja hupiga mpaka itolewe watu watatu, kisha mnabadilishana. Zote mbili zikishapiga, awamu moja imekwisha. Mchezo kamili una awamu 9, yaani auti 27 kwa timu. Little League hucheza 6. Wenyeji hupiga mwisho, na wakiwa wanaongoza baada ya wageni kumaliza awamu ya 9, hawapigi tena. Mkilingana, mnaongeza awamu. Mchezo wenyewe hauna saa. Ligi kuu ya Marekani imeweka saa ya mrushaji tangu 2023, lakini hiyo ni ya kuharakisha mirusho, haimalizi mechi.

Mpangilio wa wapigaji hauanzi upya kila awamu. Kama wa tano ndiye aliyetoka wa mwisho, awamu ijayo inaanza na wa sita. Andikeni majina kwenye karatasi, vinginevyo mtagombana kufikia awamu ya tatu.

Kila anayefika nyumbani ni pointi moja. Mpira ukivuka uzio angani ndani ya mistari ni homurani: mpigaji na wote walioko kwenye besi wanaingia. Tahadhari moja: auti ya tatu ikipatikana kwa aliyelazimika, au kwa mpigaji kabla hajafika besi ya kwanza, hakuna pointi inayohesabiwa, hata kama mtu aliwahi kuvuka nyumbani sekunde moja kabla.

MAMBO YAKIKWAMA

Mrushaji anatoa boli nne kila mara. Msogezeni mbele mita mbili, mdakaji aweke glavu usawa wa goti na aiache hapo bila kuhamisha. Ikishindikana, mtu wa timu inayopiga awarushie wenzake taratibu, na boli zisihesabiwe.

Walinzi wanarusha ovyo. Kabla ya kila mrusho mlinzi ajiambie: mpira ukija kwangu, unakwenda wapi? Nahodha atamke kwa sauti idadi ya auti na nani analazimika. Anayeanza kufikiri baada ya kuupata mpira ameshachelewa.

Wakimbiaji wawili wako kwenye besi moja, na hakuna aliyelazimika. Besi ni ya aliyetangulia. Wa nyuma akiguswa ndiye anayetoka. Mlinzi awaguse wote wawili, mwamuzi atachagua.

Straiki ya tatu, mdakaji ameangusha mpira. Kama besi ya kwanza ni tupu, au tayari kuna auti mbili, mpigaji anaweza kukimbia, na lazima atolewe kwa kuguswa au kwa mpira kutangulia besi ya kwanza. Kwa watoto wadogo iacheni kanuni hii.

Mwamuzi amemtoa mpigaji mpira ukiwa bado angani. Hajakosea. Wakiwepo watu besi ya kwanza na ya pili, au zote zimejaa, na auti hazijafika mbili, mpira rahisi wa juu ndani ya uwanja wa ndani humtoa mpigaji papo hapo. Bila hivyo mlinzi angeuangusha makusudi: wakimbiaji wamekwama kwenye besi wakidhani utadakwa, ghafla wote wanalazimika, na yeye anawatoa wawili kwa ujanja.

Mrusho umempiga mpigaji mkononi, watu wanasema mkono ni sehemu ya gongo. Si kweli. Kama hakuzungusha, anapewa besi. Kama alizungusha, ni straiki na mchezo unasimama.

Awamu moja haiishi. Wekeni kikomo cha pointi tano kwa zamu, kisha mbadilishane hata kama auti hazijafika tatu.

Bega au kiwiko cha mrushaji kinauma. Atoke leo, asingoje awamu iishe, na asihamishiwe kudaka, kwa sababu mdakaji naye hurusha kila mpira kuurudisha. Hesabuni mirusho kuanzia siku ya kwanza: Little League humwekea mtoto wa miaka 9 na 10 kikomo cha mirusho 75 kwa siku, wa 11 na 12 mirusho 85, na aliyefikisha 66 hupumzika siku nne kabla ya kurudi kwenye kibao.